Video Isiyotikisika

Muuza soksi aliuawa saa nne na robo asubuhi, jua linawaka, watu wanapita. Naanza na saa makusudi, maana wapo wanaopenda kutuambia kwamba mambo haya hutokea gizani na hakuna aliyeona. Uongo mtupu. Askari wanne walimkuta amepanga soksi zake juu ya kitambaa kando ya barabara. Wakamwambia aondoke, naye akawa anaondoka. Alipoinama kuokota jozi za mwisho, yule mnene wao akamtandika rungu la kisogo. Akaanguka juu ya soksi zake. Wakampiga mbavuni, wakampiga mikono alipojikinga, na alipokwisha kuacha kujikinga wakaendelea. Mmoja alisimama pembeni kuvuta pumzi, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akarudi kazini. Yote hayo hayakufika dakika tatu.

Katika jengo linalotazama barabara ile, ghorofa ya tatu, aliishi mshonaji mmoja, mjane, mwenye mdomo usioogopa mtu. Wakati ule alikuwa kwenye roshani anaanika gauni la mteja. Akaliacha gauni, akaingia ndani kuchukua simu, akatoka, akaielekeza chini kupitia vyuma vya roshani, akarekodi. Mkono ulimtetemeka kama wa mtu mwenye homa, lakini hakuushusha. Walipomaliza kule chini, aliituma video kwa mtu mmoja tu, binti wa kaka yake, na chini yake akaandika: "Shangazi yako nimeona kwa macho yangu. Haya, fanyeni hiyo kazi yenu."

Huyo binti wa kaka yake ndiye mwenye hadithi hii. Ofisini kwao walimwita Fundi Harusi, kwa utani, kwa sababu kabla ya kujiunga na watetezi wa haki alikaa miaka tisa studio akihariri video za harusi. Sasa alifanya kazi kwenye vyumba vitatu juu ya duka la dawa, na kazi yenyewe ilikuwa hii: raia wanatuma walichokirekodi mitaani, yeye anakikagua kama ni cha kweli, anaziba kwa ukungu nyuso za wanaoweza kudhurika, anabadilisha sauti zao, anafuta mabango ya maduka na namba za magari, kisha anapandisha mtandaoni dunia ione. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alikuwa anaweza kuziba nyuso arobaini kabla chai yake haijapoa.

Aliitazama video ya shangazi yake mara moja, akaanza kazi. Akaziba sura ya kila mpita njia. Akafuta sauti ya shangazi, maana katikati pale mama wa watu alikuwa amesema, "Mungu wangu, wanamuua." Sura za askari akaziacha wazi. Hadi hapo, kazi safi.

Lakini mkono una mazoea yake, na mazoea ya Fundi Harusi yalikuwa ya ukumbini. Video ikitikisika alikuwa anaumwa hasa, kama mpishi aliyeletewa sufuria chafu. Miaka tisa mama wa maharusi walikuwa wamemgombeza kwa picha zinazoyumba na nyuso zilizoingia kivuli. Basi bila kujiuliza, kama mtu anavyojikuna, akaituliza ile picha mpaka ikakaa kama imerekodiwa juu ya meza. Akapandisha mwanga kwenye vivuli. Sasa hebu fikiri. Ile video ilivyotoka kwa shangazi, chini yake palikuwa na doa jeusi linalorukaruka tu, hujui ni nini. Ilivyotoka kwa Fundi Harusi, lile doa lilikuwa chuma cha roshani, kimetulia, kinang'aa, na kwenye chuma hicho palikuwa na nondo moja iliyokatika, ikaungwa kwa waya wa umeme wa rangi ya chungwa, ukazungushwa mara sita. Ungeweza kuzihesabu.

Mratibu wa ofisi, mwanamume makini mwenye miwani ya kamba, alikuja kukagua kama kawaida. "Nyuso?" Zimezibwa. "Sauti?" Imetoka. "Majina, mabango, namba za gari?" Hakuna. Akaitazama mpaka mwisho akiwa amesimama, akavua miwani.

"Imekaa vizuri," akasema. "Hii hawataweza kusema ni ya nchi nyingine."

Fundi Harusi akajisikia fahari. Ndiyo, fahari, sina sababu ya kumpamba. Akaipandisha saa nane mchana.

Hadi jioni watu laki mbili walikuwa wameitazama. Walilaani, wakawatumia ndugu zao, wakadai wale wanne wakamatwe. Shangazi alipiga simu akicheka kidogo na kulia kidogo. "Mwanangu, mbona imekuwa nzuri hivyo? Mimi nilikuwa natetemeka bwana."

"Nimeirekebisha, shangazi."

"Wewe mtoto una mkono."

Askari walikwenda kesho yake saa tisa alasiri, wale wale wanne, hawakuwa wamekamatwa na yeyote. Shangazi alikuwa kwenye cherehani. Mlango haukuwa umefungwa lakini waliuvunja hivyo hivyo. Yule mnene alikwenda moja kwa moja roshani, akaugusa ule waya, akarudi ndani akitabasamu. Akauliza simu iko wapi. Shangazi akasema ya nini, hata salamu hamna. Kofi la kwanza lilimtoa kwenye kiti.

"Ulirekodi kwa mkono gani?" mnene akauliza.

"Huo huo ninaonawia uso," shangazi akajibu kutoka sakafuni.

Wakamwinua. Wawili walimshika, wa tatu akambana mkono wa kulia juu ya meza ya kushonea, kiganja chini, na yule mnene akachukua pasi. Pasi ilikuwa ya chuma, ya zamani, nzito, ya kunyooshea suti. Aliishusha kwenye vidole mara tano, taratibu, kila mara akimtazama usoni kabla ya kuishusha tena. Shangazi alipiga kelele mara mbili za kwanza, kisha sauti ikakata. Wakamwacha chini, wakampiga mateke ya mbavu walipokuwa wanatoka, wakachukua simu. Majirani walikuwa wamejifungia. Siwalaumu, na siwasifu.

Hospitali walimkata vidole viwili na vilivyobaki wakavifunga. Ukoo ulijaa pale wodini. Alikuwepo mwanawe wa pekee, kijana mkunja vyuma kwenye majengo, ambaye mtaa mzima ulimwita Nondo, mtu mpole usipomgusia mama yake. Alisimama miguuni mwa kitanda, anatazama bandeji.

"Ninachotaka kujua," shangazi alisema, ulimi mzito kwa dawa, "ni nani kaniuza. Walikuja moja kwa moja. Hawakugonga kwa mtu mwingine. Nani alijua?"

Jirani mmoja akajibu haraka, labda kwa kuona haya kwamba alijifungia. Alisema aliwaona askari kupitia dirishani kabla hawajapanda. Walisimama kwa fundi viatu, pale chini penye ngazi, wakazungumza naye, na fundi viatu akainua mkono akawaelekeza.

"Fundi viatu?" Shangazi akafumba macho. "Yule yule niliyemshonea sare za watoto?"

Nondo akatoka wodini.

Fundi Harusi naye akatoka, akaenda mwisho wa korido penye ndoo za kudekia, akafungua simu. Hakujua anatafuta nini. Aliitazama ile video aliyoihariri, na kwa mara ya kwanza hakumtazama muuza soksi, alitazama chini ya picha. Ule waya wa chungwa ulikuwa pale, mizunguko yote sita. Akateremka kwenye maoni, akapita vilio na laana, mpaka akakuta mtu asiye na picha wala jina ameandika saa sita mchana, siku ile askari walipokuja: "Roshani yenye waya wa chungwa. Tumekuona mama." Saa sita. Saa tatu nzima kabla pasi haijashuka.

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Nataka mwelewe kwamba alijua kila kitu pale pale, hakubakiwa na shaka hata ya kujifichia. Alijua ni yeye. Alijua pia mdomo wake ulitakiwa kwenda wapi na kusema nini, na hatua hadi wodini hazikuzidi thelathini. Akaona aibu. Ilikuwa aibu tu, tusiipe jina kubwa zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa anafundisha vijana wa mitaa mingine jinsi ya kurekodi bila kuumiza mtu, anasimama mbele yao na kalamu ya ubao. Akajiambia shangazi apone kwanza. Akajiambia nitasema kesho.

Kesho yake saa tano asubuhi alikuwa chumbani kwa shangazi anachukua khanga na mswaki vya kupeleka wodini, aliposikia kelele chini. Akachungulia roshani. Nondo alikuwa amekuja na wenzake wanne wa kazini, bado wana vumbi la saruji, na mikononi walikuwa na vipande vya nondo vya urefu wa mkono.

Alishuka ngazi mbio, lakini walikuwa wameshamtoa fundi viatu kwenye kigoda chake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu na aproni yenye gundi. Kiatu cha mteja kilikuwa bado mkononi, kidole gumba kimeingia kwenye soli.

"Sikuwaonyesha," alikuwa anasema. "Kijana, nisikilize, sikuwaonyesha, mimi nili..."

Nondo akampiga mdomoni kwa chuma. Meno yalitoka. Watu wakaanza kukusanyika, na badala ya kuwashika mikono wapigaji walisogea wapate kuona, na wengine wakashangilia, maana habari ya vidole vya mshonaji ilikuwa imeshaenea na kila mtu alitaka awepo wa kulipa. Wa pili akampiga goti. Likavunjika kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. Alianguka ubavu, akakumbatia kichwa chake, bado anajaribu kusema kitu, lakini kinywa kilikuwa kimejaa damu na maneno yalitoka mapovu.

Fundi Harusi akajipenyeza katikati ya mabega ya watu mpaka akafika mbele, akiwa nyuma ya Nondo.

"Siyo yeye," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Akasema tena kwa nguvu, "Nondo! Siyo yeye. Mwacheni."

Nondo akasimamisha mkono hewani, akageuza kichwa. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. Alikuwa binamu yake, walikula sahani moja utotoni, na katika watu wote wa pale sauti yake ndiyo pekee iliyoweza kumsimamisha. Ilimsimamisha. Wenzake nao wakasimama wakimngoja.

"Ni nani basi?" Nondo akauliza.

Neno lilikuwa moja tu, tena fupi. Alikitazama kile chuma chenye damu. Akilini akamwona shangazi kitandani akiambiwa. Akawaona wale vijana anaowafundisha, Mratibu, ofisi, watu laki mbili. Chuma kikamwogopesha, lakini naapa si chuma kilichomshinda. Alikuwa na nafasi. Watu walimngoja muda wa kuvuta pumzi tatu, nne.

"Sijui," akasema.

Nondo akamtazama kidogo, kama mtu aliyepotezewa wakati, akageuka, akashusha.

Sitaeleza kila pigo. Walimpiga kichwani mpaka sura ikapotea, wakaendelea hata miguu ilipoacha kurusharusha. Mtu mmoja wa makamo, mtu mzima kabisa, alimmwagia fundi viatu gundi yake mwenyewe na kucheka. Damu ilifuata mteremko ikaingia chini ya kigoda, kwenye viatu vya wateja vilivyopangwa jozi jozi. Walipoona haamki, ule umati uliokuwa na hasira sana ukakumbuka shughuli zake, na ndani ya dakika chache pakabaki watu sita. Nondo alitupa chuma, akaanza kulia kwa kwikwi, akatoroka mji siku ile ile.

Shangazi alipoambiwa, akasema, "Sikusema auawe. Mimi nilisema auawe?" Akageukia ukutani.

Fundi Harusi alirudi kazini siku ya nne. Alikuwa hasemi. Wakimuuliza jambo anatikisa kichwa au anaandika kwenye karatasi. Mratibu alidhani ni kwa sababu ya shangazi, akampa pole na kazi nyepesi.

Siku ya sita asubuhi akaingia mwanamke wa makamo, amevaa nguo nyeusi, ameshika simu ya kioo kilichopasuka. Mratibu akamkaribisha. Akasema yeye ni mke wa fundi viatu aliyeuawa na raia, na kwamba ameambiwa hapa ndipo watu huletwa wakiwa video. Alisema hivyo bila kutaka kuchekesha.

"Kuna mtu wa ng'ambo ya barabara alirekodi," akasema. "Kanitumia mimi tu, kaogopa kuipandisha. Nataka mnisaidie. Lakini sikuja kwa ajili ya wale waliompiga, hao polisi wanadai wanawatafuta."

"Umekuja kwa ajili ya nani, mama?" Mratibu akauliza.

"Ngoja uone."

Kompyuta ya kutazamia ilikuwa ya Fundi Harusi. Mama akavuta kiti akaketi ubavuni mwake, mabega yanagusana, akamkabidhi simu aiunganishe. Fundi Harusi akaiunganisha. Picha ilirekodiwa kwa nyuma na kwa mbali, inatikisika vibaya, migongo na visogo vya watu tu. Lakini sauti ilikuwa safi. Siyo yeye. Nondo! Siyo yeye. Mwacheni. Mama akasimamisha pale pale, kwa kidole chake mwenyewe.

"Huyu," akasema. "Huyu dada. Mtaa mzima, watu wote wale, wengine mume wangu kawashonea viatu bure, na aliyefungua mdomo ni huyu peke yake. Nataka nimwone. Nimshike mkono tu nimwambie asante, kwamba mume wangu hakufa bila mtu wa kumtetea."

Mratibu alikohoa. "Tutamtafuta, mama. Tutaulizia."

"Maana alisema kweli," mama akaendelea. "Hakuwaonyesha. Jioni ile alinisimulia nyumbani. Walimuuliza kama ngazi zinafika ghorofa ya tatu, akawaambia zimebomoka, wazungukie nyuma ya jengo. Akaelekeza nyuma kwa mkono. Alikuwa anawapotezea muda, pengine huko juu mtu atawaona akimbie. Hata hakujua wanamtafuta nani. Walizunguka, wakakuta ukuta, wakarudi wakamzaba makofi. Alikuja na shavu limevimba, anacheka."

Fundi Harusi akaondoa mkono kwenye kipanya. Ilikuwa rahisi kukaa kimya. Alikuwa amekaa siku sita, na hakuna ambaye angemshuku, kisogo chake kilikuwa kisogo kama visogo vingine. Mama angetoka na asante yake, angeitunza maisha yake yote.

"Mama," akasema.

Yule mama akageuka taratibu. Akamtazama mdomo, kana kwamba anangoja ile sauti itoke tena.

"Ni mimi, mama. Sauti hiyo ni yangu."

"Wewe?" Mama akamshika mikono yote miwili, akaivutia kifuani, machozi yakamtoka papo hapo. "Wewe mwanangu? Mungu akubariki. Mungu akuweke. Mbona ulikuwa kimya, tumeketi hapa..."

"Niachie kwanza nimalize. Yule kijana aliniuliza ni nani. Nikasema sijui. Ukiiachia hiyo video iendelee utanisikia."

"Nimekusikia. Ungejuaje?"

"Nilikuwa najua."

Mikono ya mama haikumwachia, ila ilikaza. "Ni nani?"

Fundi Harusi akamwambia. Alimwambia kwa ufupi, bila kulia: kwamba video ya mshonaji ilitengenezwa kwenye kiti hiki, kwa mikono hii aliyoishika, kwamba yeye ndiye aliyeituliza na kuimulika mpaka roshani ikaonekana, kwamba alijua tangu siku ya kwanza hospitalini, na kwamba watu walimngoja pale mtaani naye akaficha. Mratibu alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mama akamwachia. Akaitazama mikono yake mwenyewe, akaipangusa kwenye nguo yake nyeusi, mbele na nyuma. Kisha akachomoa simu yake kwenye kompyuta, akahangaika na kioo kilichopasuka, akaiinua ikamwelekea Fundi Harusi usoni. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Sema tena," akasema. "Yote. Anza na jina lako."

"Mama, tafadhali," Mratibu akasogea na kiganja kimefunguka kuiziba kamera. "Tuzungumze kwanza. Wakimwona uso watamuua."

"Mwache," Fundi Harusi akasema. "Kaa chini."

Mratibu akakaa. Fundi Harusi akavuta kiti karibu na dirisha, mahali penye mwanga, akataja jina lake na la baba yake, akaanza kusimulia tangu mwanzo.